Malaria Mbili

Masika yaliyopita nilishikwa na homa, nikajikongoja hadi zahanati iliyo karibu na kwangu hapa Bariadi. Kijana wa maabara akanitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipande cha plastiki, akasubiri robo saa huku akichezea simu. Ukatokea mstari mmoja. Mstari mmoja maana yake huna malaria, hilo hata wajukuu zangu wanalijua. Kijana akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mzee, hakijaonekana kitu, lakini tutakuandikia dawa ya malaria tu. Unajua wakati mwingine wadudu wanajificha."

Wanajificha! Nilitamani kumvuta masikio. Ila ningemgombeza kwa mdomo upi? Maneno yale niliyasema mimi kabla yeye hajazaliwa, tena nikiwa na darubini mbele yangu na koti jeupe limepigwa pasi. Nikachukua karatasi yake, nikashukuru, nikaenda kukaa nyumbani kwa hasira mpaka homa ikaisha yenyewe. Ndipo nikaamua kuwaandikia ninyi mnaofanya kazi hii leo. Sitaki mnipende. Nataka mjue kazi yenu inaweza kufanya nini mkiifanya kwa mazoea.

Aliyenifundisha ni Mzee Shija, mkuu wa maabara katika hospitali ya serikali nilikoanzia. Alikuwa mfupi, mkali, na kidole gumba chake kilikuwa cha zambarau siku zote kwa sababu ya rangi ya kupaka slaidi. Mimi nilikuwa mtu wa darasa la saba, sikupitia chuo. Nilijifunzia kazini, nikianza na kuosha vioo. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake cha kunasa mwanga wa dirishani, kwa hiyo wingu likipita tulisimama tukalingojea liondoke, na wagonjwa wakadhani tunasali.

Mzee Shija alijua kazi, nisimnyime haki yake. Alinifundisha kuiacha damu ikauke yenyewe bila kuianika juani, maana ukiianika unaipika. Alinifundisha kuzifunika slaidi zikiwa zinakauka, la sivyo nzi wanakula damu na kukuachia kinyesi chao. Nilicheka aliponiambia hilo. Wiki iliyofuata nikampelekea slaidi iliyojaa nukta nyeusi ambazo sijapata kuziona, nadhani nimepata ugonjwa mpya duniani. Akachungulia, akainua kichwa taratibu, akaniambia, "Hongera. Umegundua nzi."

Alinifundisha pia kuichuja rangi kila asubuhi, na kutochanganya rangi na maji ya kisima chochote tu. Maji yetu huku yana chumvi. Rangi ikikutana nayo inakatika, inaacha chembechembe za zambarau juu ya kioo, na mtu mwenye haraka anaweza kuziita malaria. Hilo alilisema mara moja tu, na mimi baadaye nilikuja kuwa mtu mwenye haraka.

Sasa sikilizeni somo lake jingine. Siku moja nilimwambia slaidi fulani haina kitu.

"Umeangalia sehemu ngapi?"

"Mia, mzee."

"Mgonjwa ana homa?"

"Anayo."

"Basi wamo. Wamejificha kwenye wengu. Andika moja."

Nikaandika moja. Msidhani Mzee Shija alikuwa tapeli. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo miongozo ya wakati ule ilivyotuelekeza: mtoto ana homa, mtibu malaria, usingoje. Kwa mtoto wa kijijini ambako hakuna kipimo, lilikuwa shauri la maana na liliokoa wengi. Shida ni sisi tuliokuwa na kipimo. Tabibu alikuwa ameshaandika dawa hata kabla sijapaka rangi, na mimi kazi yangu ikawa kugonga mhuri juu ya kile alichokwisha kuamua.

Na watu wenyewe walipenda namba. Mnajua wenyewe jinsi tunavyosema huku: fulani ana malaria mbili, fulani amekutwa na malaria tatu, kana kwamba ni mbuzi zizini. Sisi tuliandika alama za kujumlisha kuonyesha wadudu ni wengi kiasi gani, wao wakazigeuza hesabu. Malaria moja ilikuwa ya wavivu. Mwanamume akirudi nyumbani na moja, mkewe alimpa jembe. Tatu ilikuwa ya kuitia ndugu. Nne, mtu anatundikiwa dripu na majirani wanakuja na uji. Mbili ndiyo ilikuwa namba ya heshima, inayompa mtu ruhusa ya kulala bila kutisha familia. Nilipokuwa sina uhakika, na mara nyingi sikuwa na uhakika, niliandika mbili.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi, maduka ya dawa yakachipuka kila kona, zahanati binafsi zikaruhusiwa, na sisi wengine serikalini tukaambiwa tumezidi. Mimi nilipunguzwa kazini kwa barua ya mistari minne. Akanichukua tabibu mmoja mstaafu, Masunga, aliyekuwa amefungua zahanati kwenye barabara ya kwenda Maswa. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mgonjwa akiitwa mteja.

Masunga hakunituma hata siku moja niandike uongo. Alikuwa na akili kuliko hivyo. Alikuwa anaingia maabara mikono mfukoni, anasema kwa upole, "Jilala, huyu mteja ametoka Lagangabilili kwa baiskeli. Mtazame vizuri." Anatoka. Kumtazama vizuri maana yake usitoke na sifuri. Tulielewana bila kulizungumza, na mimi, nawaambia ukweli, sikuona kwamba kuna jambo la kuzungumza. Mgonjwa anapona, anarudi, anatuletea na jirani yake. Kwamba homa nyingi huisha zenyewe, hilo sikuwahi kulifikiria.

Katika hali hiyo akaja Daktari Minza. Alikuwa binti wa Maswa aliyesomea udaktari, na alikuja na watafiti wenzake kutoka Mwanza wakipita zahanati za serikali na za binafsi. Alinisalimia kwa Kisukuma, akaomba kiti, akakaa chini ya dirisha langu hapo hapo kwenye harufu ya rangi.

"Kaka Jilala, nataka kujua watu wetu wenye homa wanaumwa nini."

Nikacheka. "Wanaumwa malaria, daktari. Kuna nini tena?"

"Ndicho ninachouliza," akasema, wala hakucheka.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila mwenye homa aliyekubali, nimtengenezee slaidi mbili. Moja niipake rangi, niisome na kuandika jibu kama kawaida yangu. Ya pili niikaushe, niifunge bila kuisoma, ina namba tu, wao wataipaka rangi kwa maji yao na kuisoma huko kwao. Nilikubali mbio mbio. Nilikuwa najiona fundi. Nilidhani mwisho wa yote nitapewa cheti cha kutundika ukutani.

Ilikuwa katika wiki zile zile dada yangu Holo alipokuja kutoka Migato na mwanawe Kabula. Mtoto alikuwa na miaka saba, mwimbaji asiyechoka. Akichunga ndama anaimba, akiosha vyombo anaimba, mama yake alikuwa anamwambia atakuja kumeza nzi. Siku ile hakuimba. Alikuwa anachemka, ametapika njiani, anafumba macho mwanga ukimpiga. Holo alipita mbele ya lango la hospitali ya serikali na hakuingia, kwa sababu kaka yake yuko kwa Masunga, na kaka yake ni mtaalamu.

Nikamtoboa kidole. Nikatengeneza slaidi mbili kama nilivyoagizwa, nikapaka rangi ile moja kwa maji ya kisima cha Masunga, nikaangalia. Niliona nukta tatu nne za zambarau. Sikujiuliza ni nini. Nikaandika mbili. Kwa mtoto wa dada yangu nisingeweza kuandika moja.

Alipokuwa amekaa kwenye benchi akingoja dawa, aliniita. "Mami," akasema, ndivyo tunavyomwita mjomba kwa Kisukuma, "shingo inaniuma."

"Ni malaria hiyo, ng'wanone, mwanangu. Itatoka."

Masunga alisoma karatasi yangu, akaandika dawa. Hakumgusa shingo. Angemgusa kwa nini? Karatasi ilikuwa imeshasema.

Siku ya tatu Holo akarudi amembeba mgongoni, mtoto hajitambui, shingo imekakamaa. Tukamkimbiza hospitali ya serikali. Tabibu wa zamu, kijana aliyetoka chuoni karibuni, alijaribu kumkunja shingo, ikagoma, naye hakuuliza jibu la maabara hata kidogo. Akamchoma sindano ya mgongo, akatoa maji. Yalikuwa na ukungu. Homa ya uti wa mgongo. Kabula alilazwa wiki nyingi, na akapona, kwa maana ya kwamba hakufa. Siku alipofungua macho na kuomba uji tulifurahi sana, tukamwita jina kutoka mlangoni, na hakugeuka. Tukaita tena.

Holo aliniuliza pale pale wodini, "Kaka, ni kitu gani kimemchukua masikio?"

Nikamwambia, "Malaria ilipanda kichwani."

Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosema, na kwa sababu nilikuwa nataka kuamini. Yeye aliniamini mara moja. Akarudi Migato akasimulia kila mtu kwamba kama mami yake asingeiona malaria mapema, mtoto angekuwa kaburini. Shemeji yangu akanialika, wakanichinjia mbuzi. Nilikula.

Miezi ikapita. Daktari Minza akarudi peke yake, akiwa na sanduku la slaidi na darubini nzuri ya umeme, ya macho mawili. Nilivaa shati safi. Hakuwa na cheti. Aliniomba nimsomee zile slaidi; zilikuwa zimebandikwa namba mpya, sijui ni za nani, sijui kama mtu alikuwa na homa au hana. "Soma unachokiona tu," akasema. Nikasoma tangu asubuhi hadi mchana. Zilikuwa zimepakwa rangi vizuri, safi, na nyingi hazikuwa na mdudu hata mmoja. Nikaandika hakuna, hakuna, hakuna. Mahali fulani katikati nilikuta moja iliyojaa chembe nyeupe za damu kupita kiasi, zile zinazoongezeka mwili ukipigana na bakteria. Nikaandika: hakuna malaria, chembe nyeupe nyingi mno, tabibu amwangalie mgonjwa haraka. Nilijisifu moyoni kwa hiyo. Mzee Shija angenipongeza.

Alasiri akafungua daftari lake, akalilaza kando ya daftari langu. Zile slaidi zilikuwa za wagonjwa wangu mwenyewe, zile za pili. Nilizoandika hakuna asubuhi ile, kwenye daftari la zahanati nilikuwa nimeandika moja, mbili, mbili, tatu, mbili. Mwandiko wangu. Nilianza kumwambia kwamba wadudu hujificha, akaniacha nimalize.

"Asubuhi hawakujificha, kaka," akasema. "Asubuhi hukuambiwa kwamba wapo."

Nikamuuliza ile yenye chembe nyeupe ilikuwa ya nani. Akapitisha kidole kwenye mistari, akanisomea jina. Kabula, Migato, miaka saba.

Sikulia. Niliona aibu kwanza, uchungu ulikuja baadaye na bado upo. Nilimuuliza kama ningeandika ukweli siku ile mtoto angekuwa anasikia. Angeweza kunifariji na hakunifariji. Angeweza kunimaliza na hakunimaliza. "Sijui," akasema. "Labda ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Ila kama karatasi yako ingesema hakuna, mtu angelazimika kujiuliza anaumwa nini. Wewe ulijibu swali kabla halijaulizwa."

Matokeo aliyapeleka kwenye mkutano wa wilaya. Nilikaa nyuma kabisa. Akaeleza kwamba wengi tunaowatibu malaria hawana malaria, na kwamba homa nyingine zinapita mikononi mwetu bila jina. Mganga mmoja mzee wa zahanati akasimama. "Daktari, wewe utarudi Mwanza. Sisi tutabaki na mama aliyebeba mtoto wa moto. Tumwambie nini?"

"Tumwambie bado hatujui," Minza akajibu, "halafu tutafute."

Ukumbi ulicheka, nami nadhani hata mwenye kufunga madirisha alicheka. Nani atapanda gari kutoka kijijini aje kuambiwa hatujui? Wakampigia makofi ya adabu, wakanywa soda, wakarudi kuandika kama walivyokuwa wakiandika. Mimi niliyekuwa na ushahidi nyumbani kwetu sikusimama. Nilijiambia mimi ni mtu wa darasa la saba. Miaka mingi baadaye miongozo ilibadilika, vikaja vipimo vyenu vya plastiki, na siku hizi kila mtu anazungumza kana kwamba alilijua jambo hilo tangu tumboni mwa mama yake. Nawakumbuka waliocheka. Wengine wamestaafu kwa sherehe.

Nilichofanya ni kuanza kuandika hakuna, pale panapokuwa hakuna. Nilinunua kitambaa cha kuchujia rangi, nikawa natumia maji ya mvua. Haikufika hata msimu mmoja wa pamba. Mama mmoja alitoka na karatasi yenye sifuri, akawaambia walio kwenye foleni, "Twendeni zahanati ya ng'ambo ya barabara. Darubini ya hapa imechoka, haioni." Wakaenda, na kule ng'ambo wakakutwa na malaria mbili kila mmoja. Masunga akaniita, akanipa chai, akaniambia kwa upole ule ule kwamba macho yangu yanahitaji kupumzika.

Basi nikabaki na jambo moja, na niliogopa hilo kuliko kukosa kazi. Nikapanda lori la wanunuzi wa pamba hadi Migato.

Holo alikuwa anaanika mtama uani. Tukasalimiana, akaniletea kigoda, akaanza kuulizia watoto. Nikamkatiza.

"Holo, Kabula hakuwa na malaria."

Akaacha kutandaza mtama. "Unasema mwanangu hakuwa anaumwa?"

Hapo ndipo nilipoona tumewaharibu watu kiasi gani. Kwao, hakuna malaria maana yake mtu ni mzima, anajisingizia. "Alikuwa anaumwa," nikamwambia. "Alikuwa na homa ya uti wa mgongo tangu siku ile ya kwanza mliyokuja kwangu."

"Wewe uliona nini kwenye kioo?"

"Sikuona kitu."

"Uliandika mbili, kaka. Karatasi ninayo ndani, nimeitunza."

"Niliandika."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, kuhusu miongozo, kuhusu maji ya chumvi, kuhusu Masunga. Yalikuwa ya kweli yote. Nikamwambia, "Nilikuwa nimezoea."

"Ulikuwa umezoea," akarudia, polepole sana, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. Hakupiga kelele. Dada yangu alikuwa mtu wa kelele, na mpaka leo natamani angepiga. Alikung'uta mikono, akaangalia upande wa jikoni, ambako Kabula alikuwa ameketi anapukuchua mahindi, kimya, mgongo umetuelekea. "Mimi nimeshalia yangu, yameisha. Mwenye masikio ni yule pale. Mwambie yeye."

Nikaenda. Nikachuchumaa mbele ya mtoto, naye akaniona, akatabasamu, akaweka gunzi chini kwa heshima. Nikamwambia yote. Nilisema kwa Kisukuma, nikamwambia sikuona kitu kwenye kioo, nikamwambia kwamba aliniambia shingo inamuuma nami sikumsikia, nikamwomba msamaha. Yeye alikuwa ananitazama mdomo, amekunja uso, anajitahidi kushika neno. Nilipomaliza akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa ninachotaka, akainuka mbio kuingia ndani. Akarudi na kikombe kimejaa maji, akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili, akangoja ninywe.